Tangi la Shangazi Refugio

Shangazi yangu Refugio ana wivu, na simsingizii. Mtaa mzima wa Xaltocan unajua, na mwenyewe akiulizwa hakatai. Alianza siku ya harusi yake, padri alipoushika mkono wa bwana harusi muda mrefu kuliko alivyopenda yeye. Sisi tunaoishi naye ua mmoja tumezoea. Mumewe, Mzee Fortino, amezoea kuliko sisi sote. Maisha yake yote aliendesha watalii kwa upondo kwenye mifereji ya Xochimilco, na kila jioni alinuswa shati kwanza ndipo akapewa chakula.

Mashua yake ilikuwa na tao la maua mbele kama zilivyo zote, na kwenye tao jina la mwanamke, kama zote. Jina lilikuwa Cuquita, jina ambalo mzee alimwita shangazi enzi za uchumba. Shangazi alilipamba tao hilo kwa mikono yake msimu hadi msimu. Mgongo wa mzee ulipogoma, mashua ikauzwa, na mnunuzi akabandua herufi akaweka jina la binti yake. Shangazi alinuna mpaka tukamwogopa.

Basi mzee, kazi hana, akaanza kutoka kila alasiri, kofia kichwani na chupa ya barafu kwapani.

"Wapi?" shangazi akamuuliza.

"Kwa Domitila. Naenda kumwangalia aksolotli wake."

Domitila ni mjane wa nyumba ya tatu, upande wa mferejini, na aksolotli ni mnyama wa mifereji yetu, kama mjusi anayeishi majini. Ili uelewe kwa nini shangazi aliangusha kisu, ujue kwamba Domitila aliwahi kushinda lile shindano la Kwaresima la msichana aliye ua zuri kuliko yote, na kijana aliyempitisha mferejini na taji lake kichwani alikuwa Fortino. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa. Kwa shangazi ni juzi tu.

"Aksolotli!" akafoka. "Bibi yangu alikuwa akiwafunga kwenye maganda ya mahindi na kuwachoma, leo wanatembelewa kama wagonjwa?"

"Sikia, wamebaki wachache. Mpaka wamechorwa kwenye noti."

"Basi kaa hapa uangalie noti!"

"Nipe hiyo noti," mzee akasema. Hakupewa, akatoka.

Shangazi alibaki anaongea na masufuria. Kilichomuuma zaidi, aliniambia, ilikuwa ile chupa. "Barafu ya friji yangu, Amparo! Yangu! Anakwenda kumburudishia mwingine."

Baada ya siku kadhaa za namna hiyo akapata dawa. Kama mzee anafuata mnyama, naye ataleta mnyama, halafu tuone huko nje anafuata nini. Alichotaka ni kimoja tu, mumewe akae nyumbani alasiri. Aliniambia hivyo hivyo, bila kuona haya, tukiwa njiani kwenda kwa wafugaji wa aksolotli.

Tukapewa aksolotli mdogo mweusi, ana miguu minne, mkia bapa, na mashavu yaliyoota kitu kama manyoya, uso wake umekaa kama anayecheka kimoyomoyo. Mfugaji akatueleza pole pole: tangi liwe pana na fupi, maji yawe baridi na safi, taa kali asipigwe, na chini kusiwe na kokoto, maana huyu hatafuni, hufyonza kila kilicho mbele ya mdomo. Shangazi aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mahubiri.

Sokoni akaona tangi refu kwenda juu kama kabati la nguo, lenye taa ya zambarau. Akanunua. Akanunua na kokoto za waridi.

"Shangazi, yule bwana kasema chini pawe patupu."

"Patupu ni kwa wajane. Hili likiingia sebuleni, Domitila atahama mtaa."

Siwezi kumlaumu sana. Mwanamke aliyepamba matao ya mashua tangu usichana, ukimpa kitu chochote chenye mbele na nyuma, atakipamba. Akamwaga kokoto, akapanga makombe ya baharini, akalizungushia tangi tao la maua ya karatasi. Maji akanituma nikachote mferejini, eti mnyama ajisikie kwao. Juu ya tao akaacha nafasi ya jina.

"Jina atachagua mzee mwenyewe," akasema. Nilimwona anatengeneza nywele.

Mzee Fortino aliingia, akazunguka tangi, akasifu maua. Kisha akakuna kichwa. "Mwite Mweusi."

"Mweusi tu?"

"Si ni mweusi?"

Shangazi akaenda jikoni. Alisubiri jina moja tu duniani, na halikutajwa.

Mzee akakaa nyumbani alasiri mbili, ushindi mkubwa. Ya tatu akasema, "Taa hii inamtesa, hawezi kufumba macho."

"Kwa Domitila hakuna taa?"

"Hakuna. Ni giza."

"Ndiyo maana unapapenda!"

Akachukua chupa yake ya barafu, akaenda zake. Shangazi, kwa hasira, akaiacha taa iwake mchana kutwa.

Joto la Aprili lilikuwa limeshapamba moto. Asubuhi moja tukamkuta mnyama anaelea juu ya maji, tumbo limevimba upande mmoja, akijaribu kuzama anarudi juu. Minyoo hataki. Shangazi akapiga magoti mbele ya tangi, na mara ya kwanza nikamsikia akiongea bila kelele.

"Akifa huyu, Fortino hatakaa tena hapa. Atahamia huko na kofia yake."

Alasiri ikafika, mzee akatoka, na mnyama yuko vile vile. Shangazi akajifuta uso kwa aproni. Akamchota na kumtia katika sufuria ya kupikia tamale, akanishikisha kifuniko, tukaenda kwa Domitila. Njiani jirani mmoja akauliza tunapeleka chakula gani. Shangazi akamjibu neno ambalo sitaliandika.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa upande usiopigwa na jua, gunia limetundikwa dirishani. Na tangi ndilo lile alilotueleza mfugaji, Bikira mtakatifu! Pana na fupi kama hori la ng'ombe, pembe moja imezibwa gundi, chini patupu, ila vigae viwili vya chungu kilichovunjika kwa ajili ya mnyama kujificha. Juu ya maji ilielea chupa ya barafu. Friji Domitila hana.

Domitila alikuwa amekaa kule mwisho anapukuchua mahindi, uso kaupa ukuta. Mzee Fortino ametugeuzia mgongo, ameinamia tangi.

"Njoo, Cuquita," anasema kwa sauti laini ambayo sikujua anayo. "Njoo ule, mama. Nani kakuudhi leo, Cuquita wangu?"

Nilifikiri sufuria itaanguka.

"Fortino!" shangazi akaita. Mzee akaruka kama kijana. "Cuquita ni nani?"

"Ni... huyu hapa."

"Hilo ni jina langu."

"Mashua ilipouzwa jina lilibaki bure, nikaona..."

"Bure? Mimi nilikuwa nimekufa? Nyumbani unaniita 'we'. Unaniita 'sikia'. Ukishikwa na homa unaniita 'mama'. Kumbe jina langu umelihamishia kwa mjane, unalilisha minyoo!"

Mzee akatazama kofia yake. Domitila ndiye aliyejibu, bila kuacha mahindi.

"Nilimwambia atafute jina lingine, dada Refugio. Nimechoka nalo. Siku ile ya taji, mtu mzima nimepambwa, nimekaa mbele yake, njia nzima ananiuliza Cuquita anapenda maua gani. Usidhani wivu ni wako peke yako."

Shangazi akaikumbatia sufuria.

"Lete sufuria," Domitila akasema. Akachungulia. "Umemwekea kokoto?"

"Za waridi."

"Na maji?"

"Ya mferejini. Ndiko kwao."

"Zamani kulikuwa kwao. Siku hizi wewe utaoga humo?"

Akamtia kwenye beseni la maji baridi yaliyotuama, akalifunika kwa kitambaa. Hatukuweza kumweka na mwenzake, wangeng'atana miguu. Tukangoja. Shangazi alikwenda kumtazama kila siku, akiwa amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka katikati ya mjane na mzee. Mwishowe tukakuta ndani ya beseni kokoto ya waridi aliyokuwa ameimeza, na mnyama amezama vizuri anadai minyoo.

Sasa lile kabati la kioo lina vitunguu. Mnyama yuko jikoni kwetu, kwenye pembe ya baridi, katika tangi pana na fupi ambalo mzee alilitengeneza mwenyewe, chini patupu, vigae viwili, taa hakuna. Shangazi amempa jina la Fortino. Anasema huyu ndiye Fortino asiyetoka alasiri.

Yule mwingine bado anatoka, maana wa Domitila naye anahitaji barafu. Lakini jina lilirudi nyumbani siku ile ile, na kuna sharti. Mzee huvaa kofia, hubana chupa kwapani, husimama mlangoni.

"Nakwenda, Cuquita."

"Sijasikia," shangazi hujibu kutoka jikoni.

"Nakwenda, Cuquita!"

"Ongeza sauti, Fortino. Domitila hajasikia."