Kitatange wa Isaiah

Majirani pale Kakamega mjini walimwita Awinja yaya wa Rachael, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Hakuwa yaya wa mtu. Alikuwa dada wa marehemu Isaiah, mume wa Rachael, na aliacha shamba lake la chai Shinyalu aje kumlea Mitchel, mtoto wa kaka yake, kwa kuwa Rachael alikuwa amehamishiwa Lodwar kikazi na nyumbani alikuja kwa nadra. Mshahara hakuomba. Aliomba heshima tu, na hiyo ndiyo aliyonyimwa.

Pamoja na mtoto, alilea samaki. Isaiah alikuwa akifanya kazi Mombasa, na aliporudi mgonjwa alikuja na tangi la kioo, magunia ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, na kitatange mmoja mdogo, mweusi wa kuelekea buluu, mwenye duara nyeupe ubavuni, moja ndani ya nyingine. Siku zake za mwisho alilala akimtazama.

"Awinja, huyu usimwache afe," alimwambia dada yake.

Basi Awinja akamtunza kama mboni ya jicho. Stima ikipotea na pampu ikanyamaza, aliteka maji kwa kikombe na kuyamwaga tena mle mle tangini, mpaka mkono ukafa ganzi.

Samaki akakua. Kadiri alivyokua, duara zikakatika vipande na mistari ya njano ikachomoza. Awinja alidhani ni ugonjwa, lakini mgonjwa gani huyo anayekula na kunenepa? Akampigia wifi yake simu. Rachael alicheka sana.

"Sasa samaki imekuwa kinyonga? Wacha hizo."

Aliporudi likizo ya Desemba hakucheka. Alisimama mbele ya tangi, begi likiwa bado begani.

"Samaki ya Isaiah iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo, wifi. Nilikuwa nakuambianga kwa simu."

"Usinifanye mjinga! Uliiua, ukanunua hii ya bwawa hapa sokoni ukaniwekea."

"Haki ya Mungu, ni yeye. Inama tu uone hapo kwa mkia, duara moja bado iko."

Kilimshinda nini kuinama? Rachael alikwenda jikoni akarudi na beseni la maji ya mfereji.

"Kama ni ya bwawa, itaishi. Kama ni ya bahari, tutajua."

"Itakufa, wifi!" Awinja alimshika mkono. "Tafadhali, itakufa!"

Rachael alimsukuma pembeni, akamchota samaki kwa kichungio na kumtia ndani ya beseni. Kitatange alizunguka kwa kasi, akagonga kingo, akalala ubavu. Mara mbili Awinja alinyoosha mikono amtoe, na mara mbili wifi yake akamzuia. Walisimama hapo, wanawake wawili wazima, wakimtazama akitweta mpaka akatulia.

Hapo ndipo Rachael alipoinama. Akaweka kidole karibu na mkia, penye ile duara moja iliyobaki, imefifia lakini ipo.

"Kumbe ni yeye," alisema.

Awinja alisubiri. Alingoja neno moja tu, pole au nisamehe, hata kama lingesemwa kwa kunong'ona. Rachael alijifuta mikono kwenye sketi.

"Wifi, mwaga hayo maji kabla Mitchel hajarudi."

Awinja alimchukia. Alimchukia kwa moyo wake wote, na hakuona haya. Alimfunga samaki kwenye leso yake, akachukua nguo zake chache, akapanda bodaboda hadi Shinyalu. Alimzika kando ya kaburi la Isaiah, akakaa hapo akilia kwa sauti, jambo ambalo siku ya mazishi hakupata nafasi ya kulifanya kwa sababu ya wageni.

Sasa Rachael hupiga simu. Mtoto anakulilia, husema, njoo basi. Awinja anampenda mtoto yule hadi roho inamuuma. Husikiliza mpaka mwisho, akingoja kama lile neno litakuja, halafu hukata simu na kurudi kuchuma chai.