Siku Nilipomwangusha Pasta Chini ya Meza Kasigau

Wenzangu wa chuo cha uuguzi, aibu hii nimeibeba peke yangu wiki tatu, na huku kwenye hospitali ya hema, ng'ambo ya mpaka, hakuna wa kumwambia, basi chekeni mnavyotaka.

Mnajua mama yangu ana presha. Tangu niletwe huku vitani, kila Jumapili namwandikia meseji ileile: mama niko salama, kazi yangu ni mafaili tu ofisini, milio ya bunduki hata siisikii, nakula vizuri. (Ofisi gani! Kutwa nafunga vidonda, mikono inatetemeka hata kijiko kinanishinda, na usingizi ulishanihama.) Nilianza na kauongo kadogo ili asiumwe, nikashindwa kukaacha.

Basi likizo nikaenda nyumbani Kasigau, mama akaita pasta na majirani kumshukuru Mungu. Saa kumi jioni tumekaa uani, meza ina kitambaa cheupe, pilau na kuku, na mama amesimama anawasomea watu meseji zangu kwa simu, moja baada ya nyingine, "Mwanangu anakaa ofisini," kwa fahari kabisa, nami nimeinamia sahani natamani ardhi inimeze. Ndipo ndovu wakaingia shamba la jirani, na askari wa wanyamapori wakalipua fataki kuwafukuza. Paa! Paa!

Jamani! Mimi mtoto wa Kasigau, niliyekua nikipiga debe kufukuza ndovu, nilisahau nilipo. Nilimrukia pasta (mzee wa kilo mia na ushee), nikamvuta chini ya meza pamoja na kitambaa na pilau yote, nikampanda kifuani, nikaanza kumpapasa tumbo nikitafuta anapovuja damu, huku napiga kelele, "Leteni bandeji! Huyu wa tumbo kwanza! Usifunge macho, ongea na mimi!"

"Sista," akasema pasta, wali umemjaa kwenye nyusi, "hao ni ndovu tu."

Mmoja akacheka, wakacheka wote, hata mimi nikajaribu, lakini meno yaligongana tu. Mama hakucheka. Alibaki na simu mkononi, ananitazama. Nikaogopa presha, nikamshika mkono nimpime mapigo, akauchomoa.

"Hayo ndiyo mnayofanya ofisini?"

Nililia mbele ya majirani wote, na pasta ndiye aliyenipa leso.

Walipoondoka, mama aliniapisha: nisimwandikie uongo tena. Nikaapa. Jumapili ya kwanza niliporudi huku nikaandika ukweli, kwamba tumepoteza watatu siku moja, kwamba nimekonda, kwamba naogopa, na kwamba chakula cha jioni nakila peke yangu kwa sababu sitaki mtu aone mikono yangu. Hakujibu. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu nilikuwa natundika dripu simu ikalia, nikasoma: "Nimelazwa Voi. Presha ilipanda, sasa inashuka. Wiki ijayo niandikie tena, na usipunguze."

Leo ni Jumapili. Nimeketi na simu tangu asubuhi, na kudanganya sitadanganya tena maishani, lakini wenzangu, neno la kwanza limenishinda.