Risasi za Kijani

Mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yana harufu ambayo huwezi kumweleza mtu asiyetoka kwetu. Ni ya mafuta, ya vumbi, na kwa mbali ya karanga zilizoungua. Mwezi uliopita lori la mashudu lilisimama mbele ya duka langu la vifaa vya simu hapa Bariadi, dereva akashuka kununua chaja. Nilibaki nimeishika ile chaja mkononi, nimeduwaa, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na moja tena, ndani ya banda la gemu la Shija.

Banda hilo liliegemea ukuta wa ghala la mashudu, nyuma ya soko. Lilikuwa la mabati matupu. Ukiingia mchana unatoka umeiva. Mlikuwa na televisheni moja yenye kisogo kikubwa, mabenchi mawili, na Shija mwenyewe, kijana mnene mwenye fimbo ambayo sikuwahi kumwona akimchapa nayo mtu. Sisi tulitoka kijiji cha Ngulyati. Kila Jumamosi mayu, yaani mama yetu, alileta viazi vitamu sokoni, na mimi na kaka yangu Masunga tulimsaidia kubeba. Tukishashusha mzigo alituachia tukazurure hadi saa tisa. Hakujua tunazurura wapi, au alijua akanyamaza.

Gemu yenyewe tuliiita Ndege tu, maana jina lake lilikuwa limefutika kwenye kaseti. Unaendesha chombo cha angani. Picha inajisogeza yenyewe kutoka juu kwenda chini, nyota zinapita, halafu wanakuja wadudu wa chuma wa sayari nyingine, na kazi yako ni kuwalipua kabla hawajakulipua. Kisa chake kiliandikwa mwanzoni kwa Kiingereza, na kwa kuwa hakuna aliyekielewa, kila mtu alikuwa na chake. Deo, mtoto wa fundi cherehani wa pale sokoni, alisema wadudu wanataka kuiteka dunia. Masunga alisema hao ni wezi wa ng'ombe.

"Sasa ng'ombe wako wapi?" nilimwuliza.

"Si wameshaibiwa!" akajibu, na banda zima likacheka.

Nikiambiwa leo niipime gemu ile bila upendeleo, nitasema ilikuwa nzuri kwa mambo mengi. Chombo kilitii. Ukibonyeza kushoto kwenye pedi kinakwenda kushoto saa hiyo hiyo, na ukifa unajua umekufa kwa uzembe wako. Muziki wake ulikuwa mfupi, unajirudia, lakini hadi leo ninauimba nikiosha vyombo. Ubaya wake nao ulikuwepo. Risasi za adui zilikuwa nyeupe na nyota pia nyeupe. Ni akili gani hiyo jamani? Picha haikungoji. Kitu kikishapita kimepita, hakuna kurudi kukifuata. Na mkicheza wawili, mlipewa laifu tano za pamoja, kwa hiyo mwenzako akifa amepunguza na za kwako.

Halafu kulikuwa na vidonge. Ukimlipua mdudu mkubwa alidondosha kidonge. Chekundu kilikupa risasi nene. Cha bluu kilikupa risasi tatu zinazotawanyika. Cha kijani kilikupa risasi zinazotoka mkiani, zinarudi nyuma. Kijani tulikidharau wote, kwa sababu ukikila unapoteza risasi za mbele, na adui, kwa akili zetu, alikuwa mbele. Wote isipokuwa Masunga.

Masunga alikuwa na miaka kumi na minne na alichunga tangu ana sita. Baba alimfundisha kutembea nyuma ya kundi, ili awaone ng'ombe wote na asimwache anayechechemea. Basi hata angani alichunga. Mimi nilikuwa juu ya skrini, nawakimbilia wadudu, yeye yuko chini kabisa karibu na ukingo, anakwenda kulia, anarudi kushoto, taratibu, na vidonge vyake vya kijani. Kule chini alikufa mara nyingi kuliko mimi. Kila akifa nilimpandishia sauti. "Masunga! Unamaliza laifu! Toka huko nyuma, hapa si malishoni!" Watoto wa mjini waliangua kicheko. Yeye alitabasamu tu, akaendelea. Nilimwonea haya mbele yao, na ninaona aibu kuliandika hilo.

Gemu ilikuwa na hatua tano. Aliyeimaliza, Shija alimwandika jina ukutani kwa chaki, na kwa muda wote ule yalikuwepo majina manne tu, ya vijana waliocheza wawili wawili kabla yetu. Mimi na Masunga tulifika hatua ya tano karibu kila wiki, tukafia kwa mdudu mkuu, laifu zikiwa zimekwisha.

Mwaka huo malisho yalikauka mapema. Baba mdogo akaamua kuhamishia sehemu ya kundi Katavi, na Masunga, aliyekuwa amemaliza darasa la saba, akaambiwa ataondoka naye Jumatatu. Kwenda Katavi na ng'ombe si safari ya kwenda na kurudi. Mtu anakwenda kukaa. Njiani kuelekea soko Jumamosi ile ya mwisho, kiroba cha viazi kichwani, Masunga aliniambia anataka jambo moja tu kabla hajaondoka. Anataka tuandikwe pale ukutani, Masunga na Kabula, ili hata akiwa mbali jina lake liwe limebaki mjini.

Tulicheza. Tukafika kwa mdudu mkuu tukiwa na laifu moja, nikamchakaza hadi akaanza kutoa moshi, kisha Masunga akagongwa kule chini na mchezo ukaisha. Banda lote lilipiga kelele. Nilitaka kulia. Tulibakiwa na zamu moja kabla ya saa tisa.

Deo akaniinamia. "Kabula, cheza na mimi. Na huyu mchungaji humalizi."

Sikufikiri sana. Nilimwambia Masunga, "Mpe Deo pedi. Tukimaliza nitamwambia Shija aandike na jina lako." Masunga aliipangusa ile pedi jasho kwa shati lake, akampa Deo, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma.

Mimi na Deo tulikwenda mbele kwa fujo, vidonge vyekundu na vya bluu tukivigombania. Hatua ya nne, mahali ambapo mimi na Masunga tulipita kila wiki bila shida yoyote, ndege zetu zikaanza kulipuka. Yangu, ya Deo, yangu tena. Sikuona hata kilichotupiga. Laifu tano zikaisha kama mchezo. Deo alisema pedi ni mbovu, mimi nikasema ni kweli, pedi ni mbovu. Masunga alisimama, akaniambia, "Twende, mayu anatungoja."

Jumatatu nilirudi kutoka shule nikakuta nusu ya zizi iko tupu na kaka yangu hayupo.

Kwa miaka mingi, mazungumzo ya gemu za zamani yakizuka dukani, nimekuwa nikisema kwamba Ndege ilikuwa nzuri ila aliyeitengeneza alikosea kwenye kidonge cha kijani. Nimelisema hilo kwa kujiamini kabisa. Sasa siku ya lile lori, baada ya dereva kuondoka, niliitafuta ile gemu kwenye simu, kwa picha tu maana jina sikulijua. Ipo. Nikakaa kwenye kaunta, nikacheza peke yangu. Hatua ya nne nikafa. Nikarudia, nikafa. Mara ya sita nikajilazimisha kuangalia chini ya skrini, mahali ambapo utotoni macho yangu hayakuwahi kufika, nikawaona. Wadudu wadogo, kundi zima, wanaingia kimya kutoka nyuma.

Nikajaribu kijani. Wa nyuma walikufa, wa mbele wakanimaliza. Mtu mmoja hawezi. Gemu ilitengenezwa hivyo, kwamba mmoja apige mbele na mwingine akae nyuma anakokufa mara nyingi zaidi. Mimi sikuwahi kuwaona wale wadudu kwa sababu Masunga hakuwahi kuwaruhusu wanifikie.

Nilimpigia simu. Yuko Katavi bado, ana mke, watoto na ng'ombe wake mwenyewe. "Mwadila, kaka," nikamsalimia, kisha nikamweleza yote kwa mkupuo, mashudu, simu, wadudu wa nyuma. Nikamwomba radhi kwa ile Jumamosi. Nilisikia ng'ombe wakilia upande wake.

"Mbona hukuwahi kuniambia kwamba wanakuja na nyuma?" nilimwuliza.

"Ningekwambia ungegeuka," alisema. "Na mbele angeangalia nani?"

Halafu akaniuliza kama mvua imeshaanza huko nyumbani.