Barua ya Adélaïde Katika Koti la Mlinzi

"Mumeo kapata mwanamke wa kuandikiana barua," Kidawa alisema huku akianika kanga. "Si wa simu, mwenzangu. Wa barua! Mapenzi ya kizamani hayo, ndiyo yanayoua."

Masika alikuwa akisuuza nepi za mwanawe Benita kwenye beseni, nyuma ya nyumba ile ya Rosettenville ambayo familia nne ziligawana vyumba vyake. Hakuinua kichwa.

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu. Jumamosi natoka kumsuka mteja, nikamwona pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, ndani ya gari la mama mmoja mwenye miwani. Yule Mkenya wa kule kwenye fleti anakolinda. Kampa bahasha, na Firmin kaipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga."

"Jumamosi huwa na ovataimu."

"Haya. Kumbe ovataimu siku hizi inapaka rangi ya mdomo."

Firmin hakuwa mtu wa kusemwa. Kule kwao Butembo alifundisha Kifaransa sekondari miaka minane. Hapa Johannesburg alikuwa mlinzi wa geti, na mwaka huo wa 2017 ulikuwa wa tano. Walinzi wenzake waliandika namba ya gari na saa kwenye kitabu cha geti, basi. Yeye aliandika zaidi: "Gari jeupe, saa nne na robo, mama mmoja, amelia njiani." Mwizi mmoja alikamatwa kwa sababu Firmin aliandika, "Kijana amebeba zulia lililokunjwa, lakini anatembea kama ndani kuna kitu kizito kuliko zulia." Polisi walicheka, kisha wakaenda kuikuta televisheni.

Nyumbani lakini maneno yalimwishia mlangoni. Alikula, akambeba Benita, akalala.

Baada ya maneno ya Kidawa, Masika naye akaanza kulinda. Alichukua daftari, akaandika kama alivyoona mumewe akiandika, kwa mwandiko wake wa darasa la sita: "Jumamosi. Shati la bluu, amelipiga pasi mwenyewe. Ametoka saa saba. Amerudi saa kumi na mbili, ananukia kahawa. Anapiga mluzi." Jumamosi iliyofuata aliandika vilevile, akaongeza, "Hakuuliza tumepika nini."

Jumatatu, akifua koti la kazi, alipapasa mfuko wa ndani akakuta karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Firmin, lugha ni Kifaransa. Mistari mingi ilimshinda, ila mwisho aliuelewa, maana ni maneno anayoyajua hata mtoto wa shule: Je t'attends. Nakungoja. Chini yake, jina: Adélaïde.

Akakaa chini palepale kwenye saruji yenye maji. Mwanaume akiweka barua ya mwanamke, huo ni upuuzi tu. Lakini akikaa akainakili kwa mkono wake, neno kwa neno, ili awe nayo kifuani kazini? Hapo moyo umeshahama.

Akaificha chini ya nepi safi.

Firmin aliitafuta wiki nzima. Alipindua godoro, akatikisa viatu.

"Mama Benita, haukuona karatasi? Niko natafuta karatasi moja."

"Ya nini?"

"Ya kazi."

"Basi uliza kazini."

Jumamosi alipotoka na shati lake la bluu, Masika alimfunga Benita mgongoni akamfuata. Kwenye geti la fleti, mlinzi wa zamu alimtaka aandikishe jina, saa, na anakwenda kwa nani.

"Kwa mume wangu, Firmin," Masika alisema. Yule akaandika hivyohivyo, akamwelekeza ghorofa ya pili, bila swali.

Aliyefungua mlango alikuwa yule mama mwenye miwani, jina lake Kemunto. Nyuma yake meza ilijaa makaratasi, na Firmin alikuwa amekaa na penseli sikioni.

"Karibu, dada. Wewe ndiwe Mama Benita?"

"Sijaja kukaribishwa." Masika akaibamiza karatasi mezani. "Baba Benita, Adélaïde ni nani?"

Kemunto aliinama, akatazama, akapiga makofi. "Ukurasa wa pili! Firmin, si ulisema umepotelea kwa taxi?"

"Nimeuliza, Adélaïde ni nani?"

"Alishakufa, dada. Kitambo, kabla babu ya babu yako hajazaliwa."

Firmin alisimama, akamfungua Benita mgongoni mwa mama yake, na akiwa amempakata akaeleza taratibu. Zamani Waingereza na Wafaransa walipigana baharini, na manowari za Waingereza zilikuwa zikivizia Mauritius, wakati huo kisiwa cha Wafaransa. Zikikamata meli yenye barua, nahodha alifungua barua za watu na kuzisoma zote. Zenye habari alizituma Cape, huku kusini, kwa mkubwa wake. Kemunto alifundisha historia chuo kikuu na alikuwa akiandika kitabu juu ya ujasusi huo. Kopi za barua alikuwa nazo, pamoja na hii ya Adélaïde wa Mauritius kwa mumewe, ila Kifaransa cha mwandiko ule kilimshinda. Siku moja alimsikia mlinzi wa geti akiongea Kifaransa kwenye simu, akamwomba awe anazinakili na kuzitafsiri Jumamosi.

"Miaka minane nimesoma miandiko mibaya ya wanafunzi," Firmin alisema. "Hii ni mizuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

Firmin alimtazama mtoto, si yeye. "Kuna siku nilikuwa nakusomea gazeti la Kifaransa. Uliniuliza kama Kifaransa kinapika ugali wa pap."

Masika alikumbuka. Alikuwa amechoka siku ile, na maneno yalimtoka tu. Firmin alicheka, akakunja gazeti.

Wivu ulipaswa kuisha hapo. Haukuisha, ulihama kiti tu. Aliona vikombe viwili vya kahawa. Aliona Kemunto akimalizia sentensi aliyoianza Firmin. Masika alimwonea wivu hata marehemu Adélaïde: miaka mia mbili hajampikia mtu chochote, na bado kuna mwanaume anayeyajua maneno yake kwa kichwa.

"Mume wake aliipata?" akauliza.

"Hapana. Waingereza waliichukua."

"Wakaiba barua ya mke wa mtu."

"Ndiyo."

Masika aliitazama karatasi aliyoitoa chini ya nepi, akainyoosha kwa kiganja.

"Kinachotusumbua," Kemunto alisema, "nahodha aliipigia mistari barua hii, akaituma haraka kuliko zote. Lakini haina siri. Ni malalamiko ya nyumbani tu. Msomee, Firmin."

Firmin akasoma kwa Kiswahili: "Kuni hazipatikani, waokaji wamezimaliza. Kuku, hata majogoo, wamenunuliwa wote bandarini. Mshonaji wangu ameitwa kushona matanga, gauni langu limebaki bila mikono. Na dobi amekataa nguo zangu, ana mashati ya mabaharia, na yote yanatakiwa Alhamisi."

"Wanaondoka," Masika alisema.

"Nani?"

"Hizo meli za Wafaransa. Alhamisi, au kesho yake." Aliwashangaa. "Kule kwetu Beni, askari wakitaka kuhama, nani alijua kwanza? Mama wa mikate na mfua nguo! Askari anayebaki hana haraka na shati lake. Huyu mwanamke hakujua amesema kitu. Nahodha alijua."

Kemunto aliweka kikombe chini na kuanza kuandika mbio. Firmin hakuandika. Alimtazama mkewe kama anavyotazama kitu getini ambacho atakiandika kwa maneno mengi.

Walirudi kwa miguu, Benita amelala begani mwa baba yake. Walifika kwenye robot, ileile ya Kidawa. Taa ilikuwa nyekundu.

"Anacheka sana na wewe," Masika alisema.

"Anacheka na kila mtu."

"Na kahawa anakupikia yeye."

"Najipikia." Taa ikawa kijani, lakini Firmin hakuvuka. "Mama Benita, zimebaki barua arobaini, karibu zote za wanawake. Mimi najua maneno yao, lakini wao wenyewe siwajui. Nakuomba, Jumamosi twende wote. Ukitaka, ukae katikati yangu na yeye. Ila nikisoma, uniambie wameona nini."