Fenesi la Taa Nyekundu

Nilikuwa na wivu, na sitaupaka rangi. Wivu wa kuhesabu bosi amecheka na mwenzangu mara ngapi tangu asubuhi.

Ofisi yetu ndogo pale Ntinda, Kampala, ilitengeneza programu ya kuwatumia akina mama wajawazito ujumbe wa simu, kuwakumbusha siku na saa ya kliniki. Kila mmoja wetu aliandika majaribio yake, yaani programu fupi za kuhakikisha kazi yake haina kasoro, akayaendesha kwenye kompyuta yake anapokumbuka. Mara nyingi hatukukumbuka. Miaka miwili nilimwomba bosi aniache niweke seva, kompyuta ya pamoja ya kuyaendesha yote yenyewe, kila mtu anapotuma kazi. Bosi, mama wa maneno machache, alinijibu, "Tutaona." Kisha akaja dada mmoja, hata miezi minne hajamaliza, kazi akapewa yeye! Tena ikasemwa mbele ya wote: seva ikianza kufanya kazi, bosi atatangaza kiongozi wa timu. Cheo kile nilishakivaa moyoni. Hata mama yangu nilishamwambia.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba dada aliijua kazi. Nilipita nyuma ya kiti chake nikijifanya natafuta chaja, kumbe nachungulia. Vuta kazi mpya, endesha majaribio, toa jibu: kila hatua aliiandika fupi na safi. Mwishoni akaiunganisha seva na taa ya ukutani. Yote yakipita, kijani. Moja likikataa, nyekundu, na kwenye skrini iliyo chini yake linatokea jina la aliyeandika jaribio hilo.

"Kaka, unaonaje?" akaniuliza.

Nikasema si mbaya. Si mbaya! Wallahi, ilikuwa nzuri hadi ikanikera.

Mchana mmoja tukila, alieleza bila aibu kwamba amekulia Bwaise, maji ya mvua yakiingia hadi chini ya kitanda, na kwamba mama yake anauza mafenesi sokoni Kalerwe. Mimi ni mtoto wa kambini, baba yangu alikuwa sajini wa polisi, na siku hiyo usajini wa baba ulinipanda kichwani. Nikapendekeza sheria: atakayewasha nyekundu aende Kalerwe mwenyewe, abebe fenesi zima, aje alipasue mbele yetu. Aliyewahi kupasua fenesi anajua utomvu wake. Ukishaushika, kibodi huigusi siku hiyo. Nilitaka nimwone amesimama pale, vidole vinanata, bosi akimtazama. Watu wakacheka, wakakubali. Naye akacheka.

Jumatatu asubuhi akaiwasha seva kwa mara ya kwanza. Bosi alisimama katikati yetu na kikombe chake cha chai. Tukangoja. Taa ikawa nyekundu.

"Banange!" Niliruka, sikujizuia. "Haya, Kalerwe! Njia unaijua!"

Hakuna aliyecheka. Bosi alikuwa anasoma skrini. Jina lilikuwa langu.

Nikabisha kama mtoto. Nikafungua kompyuta yangu, nikaliendesha jaribio lile mbele yao, likapita. "Mnaona? Kwangu linapita. Seva yake ndiyo mbovu." Dada akavuta kiti karibu nami. "Tulisome pamoja, kaka," akasema, na sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo, jambo lililonichoma zaidi.

Kipande changu cha programu kilibadilisha saa za kompyuta kuwa saa tunazozitamka sisi, ili mama asome "saa mbili asubuhi" bila kuumiza kichwa. Lakini nilikiachia kifuate saa ya mashine yoyote inayokiendesha. Kompyuta yangu ina saa ya Kampala. Seva tuliikodi ng'ambo, na huko wako nyuma yetu saa tatu. Saa mbili asubuhi yangu ikatoka saa kumi na moja alfajiri.

"Kwa hiyo tungewaamsha wanawake wenye mimba waje kliniki gizani," bosi akasema.

Nikaenda Kalerwe. Mama wa kwanza niliyemkuta na mafenesi nilimsalimu kwa Kiganda, akanijibu kwa Kiswahili cha kambini, kilekile cha nyumbani kwetu. Mume wake alikuwa askari, akaniambia, amekufa zamani. Nikaomba fenesi la kula watu wanane, la ofisi huko Ntinda. Akanitazama.

"Ofisi ya kompyuta? Si binti yangu ndiye alisema atakuja mwenyewe?" Akainama, akavuta moja kubwa kutoka chini ya gunia. "Ameniambia mashine mpya siku ya kwanza lazima itakataa. Akasema niweke moja tamu, kuna kaka yake mmoja huko anapenda fenesi sana."

Nikasema, "Ndiyo, mama. Anapenda."

Akanipa na kichupa cha mafuta ya kupikia, ya kutolea utomvu. Nilikipokea kwa mikono miwili, na hasira haikunitoka. Ningemshukuru sana binti yake kama angenichukia.

Nililipasua mezani, juu ya magazeti. Utomvu ukanishika vidole, viganja, hadi kwenye saa ya mkononi. Nikiwa hivyo, bosi akaweka kikombe chini, akatangaza: kuanzia leo timu iko chini ya dada. Watu wakapiga makofi. Mimi nisingeweza kupiga hata kama ningetaka, mikono ilikuwa imenata kwenye kisu.

Kiongozi wangu mpya akaja, akachomoa kipande kinene cha njano, akatoa kokwa, akaniletea hadi mdomoni kwa sababu mikono sikuwa nayo.

"Onja, kaka. Nimekuchagulia."

Nikafungua mdomo. Lilikuwa tamu, haki ya Mungu, tamu kuliko fenesi lolote nililowahi kula. Wote walikuwa wananitazama.

Nikamwambia halijaiva.