Gemu la Kukopi Mbele ya Wakwe

Mimi ni mtu ambaye hakuna jambo la dunia hii linaloweza kumshangaza tena. Niliishia darasa la nne, nikauza karanga Mtabila enzi kambi ya wakimbizi Warundi ingali wazi, na leo nina nyumba ya bati la rangi hapa Kasulu mjini na banda la gemu ambako vijana wanalipia mpira wa kwenye skrini zaidi kuliko wanavyolipia chakula. Kwa hiyo nikikwambia mwaka juzi niliaibika sebuleni kwangu mwenyewe mpaka nikatamani sakafu inimeze, ujue haikuwa aibu ndogo.

Ilikuwa siku ya posa ya binti yangu Neema. Wageni walikuwa wanatoka Kumsenga, kule Kibondo, watu wa kanisa, baba wa kijana ni mzee wa kanisa kabisa, na mimi nikajiambia hawa lazima waondoke wakijua wameoa kwa nani. Nikafunga ukutani televisheni kubwa kama mlango. Mpango wangu ulikuwa hivi: baada ya chakula nicheze mpira na huyo kijana, Elia, nimfunge, halafu nimtoze faini. Maana kwetu siku ya posa upande wa binti ndio wenye rungu, mgeni akichelewa faini, akikaa kabla hajaambiwa faini, na mimi kwa kutoza sina mpinzani.

Nikaenda sokoni kwa Papa Sifa, Mkongo anayeuza vitu vya umeme, nikamwambia nataka gemu jipya la mpira. Akaweka mawili mezani.

"Patron, hii ni ya kweli, iko bei, lakini iko safi. Hii ingine ni ya kukopi. Usiifungue mbele ya watu ya heshima."

"Papa Sifa, mimi unanifundisha gemu?"

"Mimi nimesema tu, patron."

Nikachukua la kukopi. (Usinitazame hivyo. Banda langu lote lilikuwa la kukopi, na siyo langu peke yake. La halisi huku ni la kubahatisha, la mtandaoni linataka kadi ya benki na bando la kumaliza mtaji, na kijana aliyeshuka kutoka Heru Juu na mia tano yake mkononi haulizi gemu lina baba au halina.)

Siku ikafika, wageni wakachelewa, nikawatoza. Mshenga wao akakaa bila ruhusa, nikamtoza. Elia akanisalimia kwa mkono mmoja, nikamtoza huku nacheka. Tukala ugali wa muhogo na migebuka, ndipo nikawasha gemu nikawaita wote wasogee.

Nikamfunga Elia goli la kwanza mapema tu. Nikasimama, nikajipiga kifua, "Mnaona?" Nikaona mama yake Elia ameinama, amejifunika kitenge usoni. Nikageuka. Pale penye uwanja kulikuwa na wanawake wanne, nguo zao zote ukizikusanya hupati leso, wanakata viuno na namba ya simu ya kamari inapita chini yao.

Nikabonyeza kila kitufe, hawaondoki. Rimoti ilikuwa chini ya makalio ya mshenga, na huwezi kumwambia mgeni wa posa anyanyue makalio. Swichi iko nyuma ya kabati la vyombo. Basi nikafanya kilichonijia, nikaikumbatia televisheni, mikono nimetandaza kama ninayesulubiwa, lakini nimeshasema ilikuwa kubwa kama mlango, wakawa wanacheza huku na huku ya mabega yangu, na sauti sasa, sauti hiyo, yemwe, mama yangu!

Baba yake Elia akafumba macho. "Tuombe," akasema.

Tukaomba, mimi nikiwa bado nimeikumbatia. Mke wangu ndiye aliyepita nyuma ya kabati akachomoa waya.

Mshenga akasimama. "Wazee, hapa hatukai. Mama yetu amevuliwa nguo hadharani." Nikamwona Neema kwenye mlango wa jikoni, sinia mikononi, machozi yamejaa, haniangalii mimi, anamwangalia Elia. Pale ndipo majigambo yote yalinitoka.

"Nisameheni," nikasema. "Ni la kukopi. Niliambiwa, sikusikia."

Ndipo chini ya kile kitenge nikasikia mtu anajizuia kucheka, anashindwa.

"Kaeni," mama yake Elia akasema. "Mwenye nyumba ametutoza tangu mlangoni. Na yeye atozwe."

Baba wa binti kupigwa faini siku ya posa nilikuwa sijawahi kuona, nikakubali kabla hawajamaliza kutaja. Posa ikapita, na sasa Neema ni mama wa Kumsenga, na mjukuu wangu akilia ana mapafu ya dalali wa mnada.

Baadaye Papa Sifa alinieleza: mwenye gemu akiibiwa, huyo aliyeiba naye anataka kula, ndiyo maana anawapachika wale wanawake humo. Nikaona kumbe sikuwa nimekwepa kulipa, nilikuwa nimechagua wa kumlipa. Siku hizi bandani nabadilisha moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu, na sebuleni kwangu la kukopi halikanyagi tena. Maana ukijumlisha faini yangu, yaani mbuzi, kreti ya soda na kitenge kipya cha mama yake Elia, pamoja na lile gemu la halisi nililolirudia kwa Papa Sifa Jumatatu yake, ujanja wangu ulinigharimu shilingi laki tatu, elfu kumi na nne na mia tano.