Handaki la Baba huko Kitanga

Msimu ule nguruwe pori walikuwa wakitumalizia mihogo. Shamba letu liko Kitanga, mwendo mrefu kutoka Kasulu mjini, na nyumbani nilikuwa nimebaki na baba tu, mzee aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana. Asubuhi moja alichukua jembe na sepeto, akaanza kuchimba handaki la kuwazuia kando ya shamba. Siku ya tatu nikaona halijanyooka. Linakwenda hatua chache, linapinda kulia, kisha kushoto.

"Baba, mbona unapindisha? Unajiongezea kazi."

"Likinyooka, mtu mmoja mwenye bunduki akisimama mwisho anawamaliza wote waliomo."

"Nguruwe hawana bunduki, baba."

Aliendelea kuchimba, nami nikaendelea kubeba udongo kwa karai hadi mgongo ukafa ganzi.

Wiki iliyofuata nikamkuta anachonga mianzi na kuisimika chini ya handaki, ncha zikitazama juu. Mama jirani alipita, akachungulia.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "wanangu hupita hapa wakienda kuchota maji."

Baba akaketi juu ya udongo. Jirani alipoondoka, ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Wakati wa vita kule Burundi askari walimlazimisha yeye na vijana wenzake kuchimba hivyo hivyo kwenye kilima cha kijijini kwao, na kusimika mianzi katika njia za kupandia, wakaifunika kwa majani. Siku ya kukimbia kila mtu alipita alipoweza. Bibi yangu, mama yake mzazi, aliukanyaga mmoja. Baba alimbeba mgongoni siku mbili. Bibi akafia njiani kabla ya kufika mpakani.

"Niliisimika mimi," alisema. "Kwa mikono hii."

"Basi tuing'oe hii."

"Siwezi kushuka humo tena, mwanangu. Miguu imekataa."

Nikashuka mimi. Niling'oa mmoja mmoja, jua likinichoma kisogo, na kila nilipodhani nimemaliza, baba aliniita kutoka juu: "Bado mmoja, pale kwenye kona." Hakusahau hata mmoja.

Nguruwe waliingia tena, wakizungukia pale handaki lilipoishia. Hatukuchimba zaidi. Tulivuna mihogo iliyobaki kabla haijakomaa, tukaimenya, tukaianika juani. Baba akaingia ndani, akalala hadi jioni.